Silinda Ileile, Ulaji Tofauti: Jinsi Skuta ya cc 125 Ilivyoongezwa Nguvu na Kupunguziwa Mafuta

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mdhibiti wa nishati wa Tanzania, inapotangaza bei kikomo za mafuta, na kila tarehe 14 EPRA inapofanya hivyo upande wa Kenya, malalamiko ya wenye skuta huishia kwa fundi. Ombi ni lilelile: skuta ipunguze kunywa, lakini isilegee kwenye mlima. Na jibu la vijiweni nalo ni lilelile: "Tuiset kabureta, bosi." Bisibisi inaingia, skrubu inarudishwa nusu mzunguko, mlio unabadilika, fundi analipwa. Wiki mbili baadaye tangi linakauka mapema kama zamani.

Mkono wa fundi hauna kosa. Kosa ni mahali alipougusisha. Skrubu ile inatawala mchanganyiko wa injini inaponguruma bila resi, na resi ikiwa imefunguliwa kidogo tu. Skuta ikiwa mwendoni, ulaji wake unaamuliwa kwingine, na ushahidi mzuri umo ndani ya injini mbili ambazo kwa vipimo vya silinda karibu hazitofautiani.

Vipimo sawa, tabia mbalimbali

Ya kwanza ni GY6, injini iliyomo katika skuta nyingi za Kichina. Asili yake ni usanifu wa Honda wa miaka ya 1980. KYMCO ya Taiwan ikaieneza, kisha viwanda vingi vya China vikaichukua na kuitoa kwa majina ya kila namna. Ile ya cc 125 ina silinda yenye kipenyo cha milimita 52.4, na pistoni yake husafiri milimita 57.8. Inapozwa kwa hewa, inalishwa na kabureta, na hutoa kama kilowati 6 kwenye mizunguko 7,500 kwa dakika. Ikiwa na afya, huenda kilomita thelathini na kitu kwa lita.

Ya pili ni ya Honda PCX125. Skuta hii iliingia sokoni 2010, na mwaka 2012 ikapewa injini ya familia ya eSP. Kipenyo cha silinda ya injini hiyo ni milimita 52.4 na safari ya pistoni ni milimita 57.9. Tofauti na GY6 ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Hata hivyo toleo la 2014 lilitoa kilowati 8.6 kwenye mizunguko 8,500, na nguvu yake ya mzunguko ilifika kilele cha nyutonimita 12 kwenye mizunguko 5,000 tu. Kwa kipimo cha kimataifa cha WMTC lilitumia takriban lita 2.1 kwa kilomita 100, yaani zaidi ya kilomita 47 kwa lita. Tena skuta yenyewe ina kilo 130, nzito kuliko nyingi zinazobeba GY6.

Nguvu imepanda kwa zaidi ya theluthi na ulaji umeshuka, bila silinda kupanuliwa. Hilo haliwezekani kwa anayebadilishana, anayetoa nguvu ili apate mafuta au kinyume chake. Linawezekana kwa anayetafuta mahali nishati ya petroli inapopotea kabla ya kufika kwenye tairi, akapaziba. Kinachookolewa hapo dereva anaweza kukitumia kama nguvu akiwa na haraka, au akakiweka kama akiba akiwa na subira. Huo ndio msingi wa kazi nzima iliyofanyika kwenye PCX, na ndio unaopaswa kumwongoza mwenye skuta ya zamani anapotoa hela gereji.

Mafuta yanakokwenda

Tufanye hesabu ya kukadiria. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu kilowati-saa 8.9. Chukua skuta na dereva wenye kilo 190 kwa pamoja, lami tambarare, hakuna upepo. Kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kukata hewa kunahitaji kama kilowati 1.8, na tairi kubingirika barabarani kunahitaji kama 0.6. Kwenye tairi, basi, zinahitajika kilowati 2.4. Mkanda na gia vikila robo ya kinachopita, injini italazimika kutoa 3.2. Injini nayo, ikigeuza asilimia 22 tu ya nishati ya mafuta kuwa kazi, itakula lita 1.6 hivi kwa saa. Matokeo ni kilomita 37 kwa lita, na ndivyo skuta ya GY6 isiyo na ugonjwa inavyokwenda.

Sasa pandisha hadi 80. Nguvu ya kukata hewa haiongezeki kwa kadiri ya mwendo, bali kwa mwendo uliozidishwa wenyewe mara tatu, kwa hiyo ile 1.8 inakuwa 4.3. Kwa ufanisi uleule, lita moja sasa ingekwenda kilomita 23 hivi, na injini ya kilowati 6 ingekuwa imeshaishiwa pumzi kabla ya kufika hapo.

Katika hesabu hiyo kuna mambo matatu ya kushika: ile asilimia 22 ya injini, ile robo inayoliwa na mkanda na gia, na mwendo wenyewe. Wahandisi walishughulika na mawili ya kwanza. La tatu liko kwenye kifundo cha mkono wa dereva, na halina gharama.

Kubana kunaanza na kupoza

GY6 hubana mchanganyiko wa hewa na petroli mara 9 hivi kabla ya kuuwasha, na PCX hiyo hubana mara 11. Kadiri mchanganyiko unavyobanwa, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya joto lake inavyogeuka kazi badala ya kutokea kwenye eksozi. Kutoka 9 hadi 11, faida kwa nadharia ni asilimia 5 hadi 6, bila tone la ziada la mafuta.

Kwa nini basi GY6 isibanwe mara 11? Kwa sababu kichwa chake kinategemea hewa ya feni, na kwenye foleni ya saa nane mchana hewa hiyo ni moto tupu. Mchanganyiko uliobanwa sana ndani ya chumba chenye joto hujilipukia wenyewe, injini inagonga, na ikiendelea hivyo pistoni hutoboka. PCX inapozwa kwa maji. Rejeta yake ndogo imefungwa ubavuni mwa injini, na feni ipo papo hapo, kwa hiyo hakuna mabomba marefu ya kupeleka maji mbele na kuyarudisha. Maji ndiyo yaliyoruhusu kubana, na kubana ndiko kulikoleta faida. Anayenunua kichwa cha kubana zaidi kwa ajili ya GY6 huku akiacha upoozaji ulivyo, amechukua hatua ya pili akairuka ya kwanza.

Baada ya joto wahandisi waligeukia msuguano. Silinda ya eSP haikukaa sawasawa juu ya kitovu cha krenki, imesogezwa kidogo pembeni. Mlipuko unapoisukuma pistoni chini, konrodi inakuwa karibu imenyooka, hivyo pistoni haiulalii ukuta wa silinda kwa nguvu. Roka inayofungua valvu imewekewa rola ndogo inayobingirika juu ya kamshafti mahali palipokuwa na chuma kinachosugua chuma. Laina ya silinda, upande wake wa nje, ina vijimiba vidogo vidogo vinavyoshikamana na alumini inayoizunguka. Joto linatoka haraka, silinda inabaki duara hata ikichemka, na kwa sababu hiyo ringi za pistoni zinaweza kubana kwa nguvu ndogo bila kuvujisha gesi. Hata kwenye gia za mwisho, zile zilizo karibu na tairi la nyuma, beringi zilichaguliwa upya kulingana na mzigo wa kila moja. Mteja dukani haoni hata kimoja kati ya hivi, na kila kimoja peke yake ni faida ndogo. Vikijumlishwa ndipo tofauti inapotokea.

La tatu ni kipimo cha mafuta. Kabureta hukadiria tu, na mfumo wa sindano wa PCX hupima. Sensa ya oksijeni kwenye eksozi hueleza kama mchanganyiko umezidi petroli au umepungua, na kompyuta husahihisha kuuelekeza kwenye sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli. Asubuhi ya baridi Arusha na alasiri ya joto Mombasa hazihitaji fundi wala bisibisi.

Na PCX ikisimama kwa sekunde 3, injini hujizima, halafu huwaka dereva anapozungusha resi. Jambo hili lingechosha watu kama stata ingekuwa ile ya zamani yenye meno na kelele. Iliondolewa. Jenereta iliyo kwenye krenki ndiyo inayogeuka mota ya kuwashia, na injini huamka kimya.

Mkanda ndio unaoamua

Skuta haina gia za kukanyaga. Mbele kuna puli yenye rola sita ndani yake, nyuma kuna puli yenye springi, na kati yao mkanda wa mpira. Krenki ikizunguka kasi, rola hurushwa nje, hubana puli ya mbele, mkanda hupanda, na skuta hupata uwiano wa mwendo mrefu. Springi ya nyuma huvuta kinyume. Kila wakati uwiano ni matokeo ya mvutano kati ya rola na springi, na dereva anachangia kwa resi tu.

Hapa ndipo zile nyutonimita 12 kwenye mizunguko 5,000 zinapopata maana. Injini yenye nguvu chini haihitaji kupigishwa kelele ili isogee. Puli zake zinaweza kupangwa zipandishe uwiano mapema, injini ikaenda kwa mizunguko michache huku resi ikiwa imefunguliwa vya kutosha, na hapo ndipo injini ya petroli inapofanya kazi kwa uchumi zaidi. Injini inayozunguka kasi na resi ndogo hufanya kinyume: inapoteza nguvu kuvuta hewa kupitia tundu jembamba na kusugua vyuma vyake yenyewe.

Kinachoweza kuazimwa na mwenye GY6

Upoozaji wa maji hauwezi kununuliwa duka la spea, wala silinda iliyosogezwa pembeni. Lakini mantiki ya kuziba inaweza kuazimwa, kwa sababu skuta iliyotumika miaka kadhaa ina upotevu wake yenyewe juu ya ule iliozaliwa nao.

Kabla ya yote, kipimo. Jaza tangi hadi alama unayoikumbuka, skuta ikiwa kwenye stendi ya kati, kwenye pampu ileile, tembea hadi tangi likaribie kuisha, kisha jaza tena na ugawanye kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Linganisha umbali wa dashibodi na wa simu yenye GPS angalau mara moja, kwa sababu dashibodi za skuta nyingi hudanganya, na asiyejua inadanganya kiasi gani atajenga akiba juu ya uongo.

Kisha nenda kwenye choki ya umeme. Kwenye kabureta ya GY6 kuna kikopo cheusi chenye nyaya mbili. Ndani yake kuna nta inayopashwa joto na umeme, ikivimba inasukuma pini, na pini inafunga njia ya petroli ya ziada inayohitajika injini ikiwa baridi. Waya ukikatika au nta ikifa, njia hiyo inabaki wazi siku nzima. Dalili zake zinajulikana: plagi nyeusi yenye masizi makavu, harufu ya petroli nyuma, na skuta inayokwenda vizuri asubuhi kisha kuwa nzito ikishapata moto. Kuipima ni rahisi. Ifungue, pima pini imetokeza kiasi gani, iunganishe na betri ya volti 12, subiri kama dakika tano, pima tena. Pini ya kikopo kizima itakuwa imesogea milimita kadhaa na kikopo kitakuwa na joto. Kama haikusogea, hakuna skrubu duniani itakayopunguza ulaji wa skuta hiyo.

Cha tatu, fungua kasha la mkanda. Mkanda wa GY6 huanza na upana wa milimita 20 hivi. Ukilika milimita moja au mbili, unakaa chini zaidi kwenye puli ya mbele na haufiki tena ukingoni. Skuta imepoteza uwiano wake wa juu, hivyo kwa mwendo uleule injini inazunguka zaidi. Angalia uso wa puli ya mbele: ukiona alama ya mkanda inaishia kabla ya ukingo, tatizo umelipata. Rola nazo hulika upande mmoja, zikawa na ubapa. Rola yenye ubapa haibingiriki, inakwama, na puli ya mbele haibanwi yote. Mkanda na rola mpya za uzito uleule wa kiwandani hurudisha nguvu na akiba kwa mkupuo mmoja, kwa sababu vinaziba upotevu bila kubadilishana chochote.

Cha nne ni nafasi ya valvu, milimita 0.10 hivi, injini ikiwa baridi kabisa, alama ya T ikiwa imelingana na alama ya kasha na pistoni ikiwa juu kwenye mwisho wa kubana. Valvu iliyobana haifungi sawasawa, na kubana kule mara 9 kunakuwa jina tu.

Cha mwisho, tairi na breki. Simamisha skuta kwenye stendi ya kati, zungusha magurudumu kwa mkono. La mbele lizunguke huru, na la nyuma lisikike likisugua kidogo tu kwa sababu ya gia. Kiatu cha breki kinachogusa muda wote kinakula petroli na kinajila chenyewe. Upepo wa tairi upimwe asubuhi kabla ya safari, kwa geji, kwa kiwango cha kitabu cha skuta. Kidole gumba si geji.

Kubadilishana si kuboresha

Baada ya hapo huanza eneo la vijana wa kutuni, na hapo kila kitu kina bei ya upande wa pili. Rola nyepesi huifanya injini ikae kwenye mizunguko ya juu. Skuta inaruka kwenye taa na kupanda mlima na abiria bila kusuasua, ila kwenye barabara ndefu inakula zaidi. Rola nzito hufanya kinyume, na zikizidi, injini inalemewa na dereva anafungua resi yote kila anapoondoka. Ni sawa na kulipa deni la duka moja kwa kukopa duka la pili. Anayebeba mizigo Lushoto na anayekwenda tambarare za Zanzibar wana sababu ya kuchagua tofauti, lakini hakuna kati yao aliyepata kitu cha bure.

Kupunguza jeti kubwa ya kabureta ni kosa la kawaida zaidi. Kwenye mwendo wa kawaida kabureta ya GY6 hulisha kwa sindano na jeti ndogo. Jeti kubwa hutawala resi ikiwa karibu imefunguka yote. Kuipunguza hakugusi ulaji wa safari ya kila siku, bali huikausha injini pale inapofanya kazi nzito, na injini inayopozwa kwa hewa hulipa kwa pistoni. Eksozi ya wazi bila kurekebisha kabureta huelekea huko huko, ila kwa kelele zaidi. Na zile sumaku za kufungwa kwenye bomba la mafuta na vidonge vya kutia tangini, Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, limepima zaidi ya vifaa mia moja vya kudai kuokoa mafuta kwa miaka mingi, na havikuleta nafuu ya maana.

Kuna jambo moja la PCX ambalo kila mwenye skuta anaweza kulifanya bila spea: kuzima. Kwenye foleni ya feri ya Likoni au Kigamboni, injini ya cc 125 ikinguruma bila kazi hula pengine robo lita kwa saa. Stata ya GY6 haikuundwa kwa kuwasha kila sekunde kumi, hivyo isizimwe kwenye kila taa. Kwenye msongamano wa dakika kadhaa, izimwe.

Mwisho wa yote ni swali la pesa. Tuseme GY6 iliyotibiwa inakwenda kilomita 35 kwa lita, na tuikubali takwimu ya kiwandani ya 47 kwa PCX. Kwa anayesafirisha vifurushi kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, tofauti ni lita 220 hivi. Izidishe kwa bei ya mwezi huu, ilinganishe na nyongeza ya bei ya skuta mpya, na huenda miaka michache ikatosha kuamua. Kwa anayekwenda kazini na kurudi, kilomita 10 kwa siku, tofauti ni lita 22 kwa mwaka mzima. Huyo hana sababu ya kununua skuta nyingine. Anahitaji mkanda mpya, rola mpya, kikopo cha choki kinachofanya kazi, na fundi atakayekubali kuiweka bisibisi chini hadi hayo yaishe.